Simu Isiyoshikwa Ndani ya Landrova ya Marehemu

Mwezi uliopita nilimkabidhi kijana wetu Yasini testa yangu ya kupimia umeme na ufunguo wa kabati, nanyi mkanifanyia sherehe ya pilau na soda, mkanizawadia saa ya ukutani. Sijui kwa nini mtu anayeacha kazi hupewa saa. Nilipokuwa kazini ndipo nilipoihitaji. Lakini siku ile mmoja wenu aliniomba niandike kidogo mambo ya zamani, hasa hii habari ya kufunga simu kwenye magari makuukuu, kwa sababu kila mteja mzee akija gereji huwaambia, "Mwulizeni Idi habari ya Landrova." Basi naandika. Vyeo hamtavikuta humu, maana gereji yetu haikuwahi kuwa na vyeo. Kulikuwa na fundi, na kulikuwa na anayemshikia fundi tochi.

Mimi nilianza na tochi. Baba yangu, Mrangi wa Kondoa aliyefuata kazi za mkonge mpaka akajikuta ni mzee wa Ngarenaro hapa Arusha, alinipeleka kwa Mzee Samweli nilipomaliza darasa la saba. Mzee Samweli alikuwa Mmeru wa Poli, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya mwekundu, na mji mzima ulimwita Mzee Fyuzi. Jina hilo alilipata miaka ile ya uhaba. Fyuzi zilipoadimika, mafundi wote walikuwa wakichukua karatasi ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, wanaikunja, wanaipachika mahali pa fyuzi, gari linaondoka. Yeye alikataa katakata. Alisema fyuzi ndicho kitu pekee ndani ya gari kilichokubali kufa ili wengine wapone, na kazi hiyo huwezi kuipa pakiti ya sigara. Wateja walimwona msumbufu mpaka magari mawili matatu yalipoungulia barabarani, ndipo wakaanza kumwona mtaalamu.

Siku yangu ya kwanza niliingia gereji nikaenda moja kwa moja kwenye gari lililofunguliwa boneti, nikashika koleo ili baba aone kwamba mwanawe ana moyo wa kazi. Mzee Fyuzi aliichukua ile koleo mkononi mwangu, akanishika bega, akanitoa mpaka barabarani. "Ingia tena," akasema. Nikaingia tena, kwa haraka zaidi. Akanitoa tena. Mara ya tatu ndipo akili iliponirudia. Nikasema shikamoo kwake, shikamoo kwa fundi wa rangi, shikamoo kwa mama wa chai, na shikamoo kwa mteja mmoja aliyekuwa amesinzia ndani ya gari lake, akaamka na kuniitikia marahaba kwa hasira.

"Vizuri," akasema Mzee Fyuzi. "Sasa lisalimie na gari."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kulisalimia gari, nilikuja kujua, ni kulizunguka mikono ikiwa mfukoni: unanusa, unatazama betri imekaaje, unasikiliza mwenyewe anavyolisema, na hugusi waya wowote mpaka umelijua. Aliniambia asiyejua kusalimia watu hawezi kuelewana na waya. Wakati ule niliona ni maneno ya mzee mwenye nafasi. Chombo chake kikubwa kilikuwa testa aliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu ya taa ya nyuma na nyaya mbili, na kwa hiyo testa na hizo salamu alitengeneza magari ya nusu ya mkoa.

Kiwanja mnachofanyia kazi nacho kina hadithi yake, na bila hiyo hamtaelewa mbele. Kilikuwa cha Mzee Eliakimu, mkulima wa kahawa wa upande wa Momela, aliyekuwa na Landrova ndefu ya zamani aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Siku moja, nyumbani kwake, alimwambia Mzee Fyuzi: "Kaa na mafundi wako pale Ngarenaro. Landrova yangu iendelee kuwaka. Siku ikilala kwa uzembe wenu, mhame." Huo ndio ulikuwa mkataba wote. Shahidi alikuwa mkewe, aliyekuwa akimimina chai.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Vijana hamkuuona, lakini ilikuwa hivi: jana sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, leo mtu anauza runinga kando ya barabara, juu ya kigoda. Magari yakamiminika kutoka Japani kwa njia ya Dubai, mengine yameshazeeka kwao, sisi tukayaita mapya. Kulikuwa na moja lililokuwa likisema Kijapani kila ukifungua mlango. Mwenyewe, mfanyabiashara wa mbao, aliamini linamtakia asubuhi njema, na alikuwa akiliitikia. Nilipoangalia vizuri nikagundua linalalamika kwamba breki ya mkono haijashushwa. Sikumwambia yote. Niliishusha tu breki, naye akasikitika kwamba gari limenuna.

Baada ya magari zikaja simu za mkononi, na baada ya simu kikaja kile kifaa cha kuongelea bila kuishika. Kilikuwa na kishikio cha kuwekea simu, maikrofoni ndogo, spika, na kisanduku cheusi cha kujificha chini ya dashibodi. Kilikusudiwa kumsaidia dereva aangalie barabara. Arusha kilifanya kazi nyingine. Mteja wangu wa kwanza alitaka kishikio na antena ya kubandika kwenye kioo cha nyuma. Nikamwomba simu yake nipime kama inaingia. Akasema simu bado, iko njiani. Ilikaa njiani karibu mwaka mzima, na mwaka mzima ule alikuwa akija kufutiwa vumbi kishikio.

Mwingine alitaka spika ziwe mbili, zote mlangoni, upande wa nje ikiwezekana. Huyo alikuwa akifika soko la Kilombero anashusha vioo, anasubiri simu iite, kisha anapaza sauti: "Sipo, niko Nairobi!" Wauza ndizi walikuwa wakimsalimia na kumuuliza Nairobi kukoje.

Lakini tatizo kubwa la kifaa kile halikuwa la umeme. Huko walikotoka waliokitengeneza, simu ni mambo ya watu wawili. Kwetu, sauti ya mkubwa ikisikika, kila mwenye masikio anadaiwa salamu. Nilimfungia mama mmoja wa duka la vitenge, akaondoka na ndugu zake watano kwenda Tengeru. Shangazi yao akapiga kutoka Kondoa. Akaamkiwa na wa kwanza, akaitikia, akamuuliza za nyumbani, za watoto, za kazi. Akaamkiwa na wa pili. Alipofikia wa tano vocha ya shangazi ikaisha. Alikuwa amepiga kuwaambia kuna msiba, na ni nani aliyefariki walikuja kujua kesho yake. Tangu hapo kila niliyemfungia nilimpa wosia: simu ikiita, abiria wafunge midomo. Wote waliukubali, na sikuona hata mmoja aliyeweza kuutimiza.

Mzee Fyuzi alifariki miaka hiyohiyo, kwa homa ya siku chache tu. Nililia kama mtoto wake, na kwa kweli nilikuwa mtoto wake. Mzee Eliakimu akamfuata kabla mvua za mwaka ule hazijamalizika. Kiwanja kikabaki mikononi mwa mkewe, na Landrova ikarithiwa na mwanawe mkubwa, Bwana Zakayo, ambaye alikuwa dalali wa mawe ya tanzanite, mwenye viatu vyeupe na gari dogo la saluni kutoka Dubai. Sikuwa na shida naye mpaka asubuhi moja nilipokuta watu wawili wasiosalimia wakiburuta futi kamba kutoka kwenye shimo letu la kukagulia magari mpaka kwenye jiko la mama wa chai.

"Mnapima nini?" nikawauliza.

"Tumetumwa," wakasema, wakaendelea kupima.

Tulikuwa mafundi saba, kila mmoja na watoto wake, na hatukuwa na pengine. Mkataba wetu ulikuwa maneno ya marehemu kwa marehemu.

Wiki ile ile Bwana Zakayo akaja mwenyewe, ndani ya Landrova ya baba yake, dereva wake Mollel akiendesha. Mollel alikuwa Mwarusha wa Kisongo, mtu mpole, mwenye kuongea kwa nadra.

"Idi," akasema Bwana Zakayo, "nataka simu isiyoshikwa. Humu, kwenye Landrova."

"Shikamoo kaka. Si kwenye saluni?"

"Marahaba. Saluni haipandi kwa mama, matope. Jumamosi naenda kule, wazee wa ukoo watakuwepo. Nataka waone gari la mzee limeenda na wakati."

Nikamtazama Mollel kwenye usukani, nikamtazama yeye. "Lakini kaka, una dereva. Mikono yako iko huru tangu asubuhi."

"Wewe ni fundi wa waya," akasema. "Mikono yangu niachie mwenyewe. Na sitaki vitufe. Simu ikiita, ijipokee. Nisiguse chochote."

Nikamuuliza habari ya watu wa futi kamba. Akatazama viatu vyake. Akasema kuna mtu ana wazo la kujenga gesti ya ghorofa, ni mazungumzo tu, nimfungie vizuri kwani yeye ni mtu wa shukrani. Nilitaka sana kumwamini, na mtu anayetaka kuamini haulizi maswali mengi.

Sasa, vijana, hapa penye ufundi msipapite. Ukifunga kifaa kama kile kwenye gari la kawaida, waya mweusi unaupeleka kwenye bodi, kwa kuwa hasi ya betri imefungwa bodini. Landrova za umri ule nyingi ni kinyume: chanya ndiyo iko bodini. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alishamfungia mteja kifaa bila kutazama, kikatoa moshi kabla simu haijaita, na mteja akadhani ndivyo kinavyopasha moto. Mimi nilizunguka mikono mfukoni kama nilivyofundishwa, nikaona. Ikabidi niigeuze betri, nigeuze nyaya za koili na za geji ya ampea, kisha niifundishe dinamo upande mpya: unafungua nyaya zake, unachukua waya kutoka kwenye betri, unaugusisha kwenye kituo chake kidogo mara chache, cheche zinaruka, basi imeelewa. Ukisahau hatua hiyo dinamo itaendelea kuchaji kwa imani yake ya zamani na utaunguza kila kitu.

La pili lilikuwa kelele. Landrova ile ikitembea, mtu wa kushoto hamsikii wa kulia. Nikatafuta spika iliyokuwa kwenye gari la matangazo la sinema, nikaongeza na kikuza sauti chake. Maikrofoni nikaiweka katikati, juu, nyuma ya viti vya mbele, kwa sababu bosi mwenye dereva hujui leo atakaa mbele au nyuma. La tatu lilikuwa mtikisiko. Kile kishikio kilikuwa cha barabara za lami, simu ingeruka kwenye shimo la kwanza, kwa hiyo niliifunga simu kwa mpira wa tyubu, mizunguko minne, na fundo la Mzee Fyuzi ambalo halifunguki kwa pupa. Ijumaa jioni nikapiga simu kutoka kibanda cha simu, gari likajipokea lenyewe, na mama wa chai aliyekuwa ng'ambo ya barabara akasikia kila neno.

Jumamosi Bwana Zakayo akaniambia nipande. Ikiharibika njiani awe na wa kumlaumu. Nikakaa nyuma na mkoba wa vifaa, yeye mbele, Mollel kwenye usukani. Tulipita Themi, tukapita Tengeru, mlima umefunikwa mawingu mpaka kiunoni, na nilikuwa nimeanza kujipongeza moyoni simu ilipoita mara mbili, ikajipokea.

"Bwana Zakayo!" Sauti ya mwanamume ikajaa garini. "Vipi, bibi ameshatia dole gumba?"

"Leo," akasema Bwana Zakayo, akiinama kana kwamba kuinama kunapunguza spika. "Leo hii. Karani wa kijiji ameshafika huko na wino wake."

"Maana mimi Jumatatu naleta watu wa kubomoa. Hao mafundi wako watakuwa wameondoka?"

"Wataondoka."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimekaa pale pale, hatua moja nyuma ya sikio lake, na spika niliyoitafuta kwa mikono yangu ndiyo iliyonisomea hukumu yangu. Bwana Zakayo hakugeuka. Alisema kwa kioo cha mbele, "Biashara hiyo, Idi. Tutaongea. Wewe tutakushusha Usa River, utakunywa soda tutakaporudi."

Niliwafikiria wenzangu sita, nikafikiria lile shimo tulilolichimba kwa zamu. Nilitamani kuwa mtu wa kupiga kelele, lakini sikuzaliwa hivyo. Mollel alinitazama kwenye kioo mara moja, akarudisha macho barabarani, akapunguza mwendo. Alipunguza sana, kwa kweli, mpaka baiskeli zikaanza kutupita.

Kabla hatujafika Usa River simu ikaita tena. Bwana Zakayo akaangalia jina, akanyoosha mkono, akakumbuka kwamba hakuna cha kubonyeza. Mara mbili, ikajipokea.

"Zakayo?"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Simu yake ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya zizi, kwa hiyo nyuma ya maneno yake kulikuwa na mbuzi.

"Naam mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mmefika wapi? Mko wangapi, nijue kuku nichinje mmoja au wawili?"

"Mmoja anatosha, mama. Niko peke yangu. Na Mollel."

"Shikamoo koko," akasema Mollel, akimwita bibi kwa Kiarusha.

"Marahaba, Mollel. Ng'ombe wa baba yako hawajambo?"

"Hawajambo, koko."

Ikabaki zamu yangu. Wosia wangu niliujua, nilikuwa nimeutoa kwa nusu ya mji: abiria wafunge midomo. Nawaambieni kweli, sikufanya hesabu yoyote, wala ujanja wowote sikuupanga. Mama mzee alikuwa amesema, nami nilikuwa ndani ya gari. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama ulivyofundishwa pale barabarani kwa kurudishwa mara mbili.

"Shikamoo mama," nikasema.

Bwana Zakayo akairukia simu. Akakutana na mpira wa tyubu.

"Marahaba," ikasema spika. "Huyo nani?"

"Ni Idi, mama. Fundi."

"Idi yupi?"

"Idi wa Ngarenaro. Wa kwa Mzee Samweli."

Mbuzi wakalia muda mrefu. Bwana Zakayo alikuwa anavuta mpira kwa vidole viwili, kisha kwa meno, na kila alivyovuta fundo lilizidi kukaza.

"Mbona Zakayo aliniambia mlihamia Moshi? Alisema Samweli alipokufa mlitawanyika. Kiwanja magugu, wanalala wezi, ndiyo maana tukiuze."

"Hatujahama, mama. Leo asubuhi tumetokea hapo. Tuko saba."

"Mama, mtandao unasumbua!" akapiga kelele Bwana Zakayo. "Sikusikii!"

"Mimi nakusikia vizuri sana," akasema mama yake. "Na hiyo gari inayonguruma ni ipi?"

Nikamtazama Mollel. Mollel ndiye aliyejibu, maneno mengi kuliko yote niliyopata kumsikia akisema. "Ni Landrova ya mzee, koko. Inawaka kwa mara moja tu. Idi ndiye anaitunza."

"Haya," akasema. "Nachinja wawili. Zakayo, Idi aje mpaka hapa."

Usa River tuliipita bila kusimama. Tukapandisha njia ya Momela, msituni, kisha tukatokeza kwenye mashamba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile asubuhi Mollel aliirefusha kadiri alivyoweza.

Tulikuta wazee watatu wa ukoo kwenye viti, karani wa kijiji na kibati chake cha wino, na mama, mfupi, na kitenge cha Kilutheri mabegani. Niliwaamkia wote kwa zamu. Tulikula kuku kwanza, maana kwa yule mama hata balaa lilikuwa linasubiri watu washibe. Kisha karani akatandaza karatasi mezani, akafungua wino, na kama wafanyavyo makarani kwa watu wasiojua kuandika, akanyoosha mkono amshike mama kiganja ili amwongoze dole.

Mama akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge.

"Zakayo," akasema, "simu yako ya kwenye gari, unaongea nayo bila kuishika?"

"Ndiyo, mama."

"Bila mkono kabisa?"

"Bila mkono."

"Basi na mimi leo sishikwi mkono." Akamgeukia karani. "Kula nyama, mwanangu. Funika wino wako usikauke." Kisha akawaambia wale wazee watatu, "Baba Zakayo alisema wakae maadamu gari lake linawaka. Nilikuwepo. Chai nilimimina mimi. Mollel, kaliwashe."

Mollel akatoka. Sisi tuliobaki tukasikiliza. Nilikuwa nimegeuza umeme wote wa gari lile siku mbili nyuma, na nilimwomba Mungu kwa majina yake yote dinamo iwe imenielewa. Landrova ikawaka kwa mara moja. Mzee mmoja akasema, "Ni yeye kabisa," kana kwamba marehemu amekohoa huko nje. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikainamia sahani.

Yule mtu wa gesti alipata kiwanja pengine akajenga, na gesti yake ni hiyo mnayoijua, yenye maji siku za wageni wakubwa. Jumatatu Bwana Zakayo alikuwa gereji saa ya kufungua, hana hata salamu.

"Ling'oe hilo dubwana," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua mlango simu ilipoita, ikajipokea. "Zakayo? Mko wangapi leo?" Nikaamkia, na fundi wa rangi akaamkia kwa mbali, na mama wa chai. Tukamwambia mtoto wake ameleta gari tuing'oe simu. Akasema tusiing'oe, anaipenda, kwa simu hiyo anawajua watu wote wanaopanda na mwanawe. Ikawa ndiyo desturi. Kwa miaka mingi Bwana Zakayo hakwenda popote na Landrova ile bila sauti ya jiwe la nyuma ya zizi kuuliza ni nani wamo, na wote waliokuwemo wakajibu kwa zamu. Madalali wa mawe waliokuwa wakipanda naye walianza kusema kweli kwa hofu. Na yeye mwenyewe, sitaki kumsifia kupita kiasi, lakini watu wa futi kamba hatukuwaona tena.

Mama alifariki kwa uzee. Tulikwenda kumzika mafundi wote. Muda mfupi baadaye Bwana Zakayo alikuja, amenenepa, viatu vyeupe ameacha, akasimamisha Landrova pale karibu na shimo. Tuliamkiana. Nilidhani najua alichofuata, kwa hiyo bila kumuuliza niliinama chini ya dashibodi nikachomoa fyuzi ya kile kisanduku, nikatafuta bisibisi.

"Unafanya nini?"

"Nakitoa, kaka. Si ulikuwa unataka siku zote?"

Mikono yake miwili ilikuwa imelala magotini, haina kazi. "Siku hizi hakuna anayeniuliza niko na nani," akasema. "Kiache."

Nikairudisha fyuzi. Simu ile yenyewe nayo ilikuwa imekufa baada ya mama, haiingii tena kwenye mtandao wowote, lakini taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye kisanduku. Yasini, Landrova ile huja kwa huduma kila mwanzo wa mvua. Mwenyewe msalimie kwanza. Na fyuzi hiyo usiitoe.